Orodha ya Wateja Walionyamaza

S.L.P. 2217,
Mji Mpya,
Morogoro.
16 Februari, 2005

Mpendwa mdogo wangu Yunusi,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini ningekaa kungoja shikamoo yako ndipo nianze, karatasi hii ingeozea mezani, kwa hiyo nimeichukua kana kwamba umeitoa. Habari za huko Leeds? Habari za baridi, habari za kazi, habari za kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kila ukiingia mwezi wa pili? Wifi yangu Furaha hajambo? Na binti yenu Asha, sasa si mtoto tena, atakuwa ameanza shule. Mwambie shangazi yake wa Morogoro anamuulizia kila siku.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Vuli ya mjini ilikuwa haba, ila juu milimani kunanyesha kama kawaida yake, na asubuhi hatuoni kilele kwa mawingu. Shemeji yako Abasi goti limepata nafuu. Daktari alimwambia apumzishe mguu, naye akaelewa kwamba aache kwenda sokoni lakini asiache kwenda kucheza bao. Ndivyo tunavyoishi naye.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikuandikie kwa mkono na kuituma barua hii kwa njia ya haraka ya posta. Duka letu la mnada limesimamishwa, na mwenye uwezo wa kulifungua ni wewe peke yako. Wanataka jibu lako kabla ya tarehe kumi Aprili. Nitakusimulia tangu mwanzo, nawe usome taratibu, usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Ulipokuja likizo mwaka 2001, mimi nilikuwa na miezi sita tangu nipunguzwe kazi. Kiwanda kimeuzwa, mwenyewe mpya kaja na kompyuta zake na watu wake, na mimi niliyekaa masjala miaka kumi na minane nikapewa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Ukanikuta barazani naitazama mikeka ya ukindu ambayo dada yako Mwanaidi aliniletea kutoka Kinole niiuze, wala hakuna wa kuinunua, mji mzima umehamia mikeka ya plastiki. Ukacheka, ukasema huko kwenu watu wangeigombania. Ukanipeleka intaneti kafe ukanionyesha soko la mnada lisilo na dalali wala kipaza sauti. Mtu anaweka picha ya kitu chake, na watu wa dunia nzima wanapandiana dau bila kelele mpaka siku zilizowekwa ziishe. Mimi niliyezoea minada ya mitumba nilidhani unanitania.

Wauzaji wa Tanzania walikuwa hawapokelewi, basi ukafungua duka kwa jina lako na anwani yako, neno la siri ukanipa mimi. Ada ya kila mwezi ukasema itakatwa kwenye kadi yako, na kwamba hiyo ni zawadi yako kwa dada aliyekulea. Nakumbuka ulivyolisema, maana nilikwenda jikoni nikajifanya naangalia maharage.

Duka likasimama. Sikuandikii kujisifu, ila ni haki yako kujua kilichofanywa kwa jina lako. Mwanaidi amewakusanya akina mama kumi na wanne huko Kinole. Masika yakija barabara ya kule haipitiki, machungwa na ndizi vinaozea njiani na hasara ni ya mkulima, lakini mkeka na kikapu vinakaa vikimngoja mnunuzi. Mwanaidi ndiye anayegawa rangi na kukagua kazi. Ukili uliosukwa ukalegea anaufumua mbele ya mwenyewe, na hakuna anayethubutu kununa. Ungemwona, Yunusi, usingeamini kuwa ni yule Mwanaidi wetu aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija.

Mimi nikabaki na kazi ninayoijua, ya kuandika. Kila aliyenunua nilimfungulia ukurasa wake kwenye daftari kubwa. Jina, mji, alichonunua, na chini yake lolote aliloniambia. Watu wa huko wakinunua kitu huongeza maneno mawili matatu. Mmoja mkeka ni wa binti yake anayehamia nyumba yake, mwingine kikapu ni cha mama aliyelazwa, bibi mmoja wa Kanada mume wake anaumwa mgongo na anataka kitu cha kujinyooshea sakafuni. Yote niliyaandika. Baada ya miaka mitatu walikuwa sitini na mmoja, na niliwajua kuliko majirani wa mtaa wa pili.

Basi Idd el Fitr ya Novemba ilipofika, nikaona si adabu kuwauzia watu muda wote huo bila kuwasalimu. Nikaenda kwa Brenda. Huyu Brenda ni binti wa Moshi aliyesoma sheria pale Mzumbe, na sasa anaendesha intaneti kafe karibu na soko kuu huku akingoja kazi aliyoisomea. Ndiye anayenitilia picha mtandaoni na kunigeuzia Kiswahili changu kuwa Kiingereza. Tukakaa siku mbili. Kila mteja nilimwandikia kwa hali yake: mama ametoka hospitali, binti amezoea nyumba mpya, mgongo wa baba umepona. Mwishoni kabisa, mstari mmoja tu, nikataja kwamba kuna mikeka mipya ya rangi ya hudhurungi.

Wiki haikuisha, soko likatuletea onyo. Brenda akalisoma kimya kwanza, halafu akanifafanulia. Mtu aliyenunua kwako unaruhusiwa kumwandikia kuhusu kile alichonunua tu: mzigo umetoka, mzigo umefika, basi. Ukitaka kumpelekea habari za bidhaa nyingine, lazima awe amejiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya duka, kwa kubofya pale palipowekwa. Jina ulilolipata kwa sababu alinunua halikupi ruhusa ya kumbishia hodi. Nikamuuliza sasa hao wateja ni wa nani kama si wangu. Akasema kwa kanuni zile, mteja ni wa soko, mimi nimepangishwa meza tu.

Nilipandwa na hasira, mdogo wangu. Wewe umemwona mama yetu akiuza ndizi pale sokoni miaka mingapi? Je, aliwahi kumtajia mtu bei kabla ya kumuuliza habari za nyumbani? Kastoma akipotea wiki mbili mama alikuwa anatuma mtu akaulize kulikoni. Leo mimi binti yake naambiwa salamu ni kosa, tena kosa lenye namba yake na kifungu chake.

Halafu Brenda akanionyesha malalamiko yenyewe. Yalitoka kwa yule bibi wa Kanada. Alikuwa ameuliza swali moja: watu hawa wamejuaje kuhusu mgongo wa mume wangu? Nilicheka, maana alituambia mwenyewe, kasahau. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani kicheko kikaniisha. Nilijiweka mahali pake. Napokea barua kutoka nchi nisiyoijua, mtu nisiyewahi kumwona ananiuliza habari za goti la Abasi, kisha ananiambia kuna mikeka mipya. Na mimi ningefunga mlango.

Nikasema nitafuata kanuni. Ila nikazifuata kwa kichwa changu, na hapo ndipo nilipoharibu. Mwezi wa kumi na mbili nilimwambia Brenda awaandikie wote barua fupi ya kuomba ruhusa. Nikamtamkia neno kwa neno: tunaomba ridhaa yako tuwe tunakuletea habari za duka letu. Usipopenda, tuandikie. Ukipenda, huna haja ya kusumbuka, wewe nyamaza tu, sisi tutajua umeridhia.

Brenda akaacha kuchapa. Akanitazama, akaniuliza kwa upole kama nina uhakika na hilo la mwisho. Nikamwambia aandike nilivyosema, mimi ndiye mkubwa hapo. Kwa hiyo usije ukamlaumu yule binti, kosa ni langu kuanzia herufi ya kwanza.

Wewe unajua nilikolitoa. Kwetu posa ikija, binti anaulizwa, naye hasemi ndiyo. Ndiyo ni ya mtu asiye na haya. Anainamisha kichwa, ananyamaza, na wazee wanaandika tarehe. Hata masjala tulikuwa hivyo hivyo. Dokezo likizungushwa, idara isiyorudisha neno ndani ya siku saba inahesabiwa haina pingamizi, mambo yanaendelea. Maisha yangu yote kimya kimekuwa jibu, na jibu lenyewe ni zuri.

Tisa waliandika wakasema wanapenda sana kuandikiwa. Mmoja wao, mzee mjane, aliandika kurasa mbili kuhusu mkeka wake na paka wake. Wanne wakasema hapana, asante. Waliobaki, watu arobaini na wanane, walinyamaza. Nilifurahi mno. Nikamwambia Abasi, umeona, arobaini na wanane wamekubali! Idd el Hajj ilipopita nikawaandikia wale tisa na wale arobaini na wanane, nikiwapa habari za vikapu vipya vyenye mifuniko. Mara hii mgongo wa mtu sikuugusa.

Tarehe ishirini na nane Januari tukakuta duka limesimamishwa. Picha zote zimefichwa, hakuna anayeweza kununua wala kutuona. Masharti yao ni haya. Orodha ya waliokaa kimya ifutwe yote. Kisha mwenye akaunti, yaani wewe, uthibitishe kwa sahihi yako na kwa simu kwamba unazijua kanuni na unakubali duka liendelee kwa jina lako. Usipojibu mpaka tarehe kumi Aprili, litafungwa kabisa, na jina lako halitaruhusiwa kufungua jingine. Kuna mstari mmoja Brenda alinisomea mara mbili, nikamwomba auandike kwenye karatasi niende nao nyumbani: kutokujibu kutahesabiwa kuwa ni kukataa.

Tumekutumia barua pepe tano. Simu tumepiga kutoka kafe mpaka inakatika yenyewe. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Jumapili iliyopita Mwanaidi alishuka kutoka Kinole na vikapu ishirini na viwili, hajui kama vina pa kwenda. Nikamweleza yote. Kisha nikachukua daftari, rula na kalamu nyekundu, nikaanza kuwafuta wale waliotakiwa kufutwa. Yunusi, miaka kumi na minane sikuwahi kufuta jina la mtu. Jalada hufungwa, likawekwa kabatini, lakini jina hubaki. Kila mstari nilioupiga ulinichoma. Nikawa nanung'unika kwa sauti, kwamba watu hawa niliwauliza, nikawapa mwezi mzima, hakuna aliyekataa, mtu mzima na akili zake akiulizwa akanyamaza si amekubali, sasa soko linataka nini tena.

Mwanaidi alikuwa anashona mpini wa kikapu. Hakuinua uso. Akasema:

"Dada, na mimi siku ile sikukubali. Nilikuwa naogopa, na mtu akiogopa sauti haitoki. Wewe ndiye uliyetoka nje ukawaambia nimekubali."

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ulikuwa nje na watoto wenzako mnagombania ukoko wa pilau, hukuyaona haya. Ilipokuja posa ya Hashimu, yule mfanyabiashara wa Mikese, mjomba Nassoro alinituma mimi chumbani nikamuulize Mwanaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepewa kazi ya watu wazima, nimevimba kichwa. Nikamuuliza mara moja. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anatazama sakafu, vidole vyake anavivuta kimoja kimoja. Sikumuuliza mara ya pili. Sikukaa hata kando yake. Nikatoka nikasema, kanyamaza. Vigelegele vikapigwa, na baada ya hapo hata kama angepiga kelele hakuna ambaye angemsikia.

Alikaa Mikese miaka minne. Unajua alivyorudi, na alivyokuwa mwembamba aliporudi. Sote tulisema ni bahati mbaya yake. Hakuna aliyemuuliza kama alitaka kwenda.

Nilitaka kusema ndivyo mila ilivyokuwa, nikaona aibu, maana mila haikunikataza kumuuliza tena. Ningeweza kufunga mlango, nikakaa naye nusu saa, nikamwambia, Mwanaidi, hapa tuko wawili tu, sema. Nilikuwa na haraka ya kutoka nje na habari njema. Nikamwomba radhi pale pale, kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Akasema yameshapita. Hakusema amenisamehe, na safari hii sikumjazia jibu. Aliendelea kushona, nami nikaendelea kufuta mpaka majina yakaisha.

Tangu siku hiyo nakuwaza wewe.

Mama alipofariki, Agosti 2002, hukuja. Sijui kwa nini. Pengine ni kazi, pengine ni karatasi zako za kuishi huko, pengine hukuwa na nauli ukaona haya kusema. Sikukuuliza. Nilikuandikia barua, na wewe unaikumbuka kuliko mimi. Nilisema mtu asiyemzika mama yake asijisumbue kuja kulitazama kaburi. Abasi aliniambia nisiitume. Niliituma. Niliandika kwa uchungu, lakini uchungu haunipi haki ya kukuumiza, na ni neno baya kuliko yote niliyowahi kuyaandika kwenye karatasi. Nisamehe, mdogo wangu. Nimechelewa miaka miwili na nusu kulisema hili.

Wewe ukanyamaza. Na mimi nikafanya kama ninavyofanya siku zote, kimya chako nikakijazia mwenyewe. Kwenye arobaini ya mama nilisimama mbele ya ukoo nikasema Yunusi anawasalimu na hana pingamizi na lolote. Hukunituma. Chumba chako nimekigeuza stoo ya mikeka. Nilikuuliza kwenye barua ya Mei mwaka juzi, hukujibu, Juni nikahamisha kitanda. Mjomba Nassoro akiuliza habari zako kila Ijumaa namwambia hajambo, ana shughuli nyingi. Na duka nimeliendesha kwa jina lako muda wote huu, nikijiambia kwamba kama ungekuwa hutaki ungesema.

Nilikuwa na ushahidi wangu mmoja. Kila tarehe mosi Brenda alikuwa akinifungulia ule ukurasa, tunaona ada imelipwa. Mimi narudi nyumbani mwepesi, namwambia Abasi, Yunusi mzima, bado yuko nasi. Miaka miwili na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa barua yako kwangu. Sasa najiuliza kama hata hilo si mimi niliyejitungia. Pengine kadi inakata yenyewe tu na wewe ulishasahau zamani kwamba kuna duka. Tarehe mosi ya mwezi huu hawakukata kitu, kwa kuwa duka limesimamishwa. Niliutazama ule ukurasa mtupu mpaka Brenda akanivutia kiti nikae.

Kwa hiyo soma vizuri ninachokuomba. Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya soko, Brenda ameichapa na kutia alama mahali pa sahihi. Namba yao ya simu iko juu. Kama unakubali, weka sahihi, uwapelekee, uwapigie. Mimi nitawaandikia wale tisa tu waliosema kwa vinywa vyao kwamba wanataka. Daftari la mambo ya watu nimelifunga. Mteja akiniambia habari za mama yake nitamjibu siku hiyo hiyo kwa moyo wangu wote, lakini sitaiweka akiba nije kumuuzia nayo mkeka.

Kama hukubali, sema hukubali. Usinionee huruma, wala usiwaonee huruma akina mama wa Kinole. Tutakwama, sitakuficha. Masika yanakuja, na vikapu vimejaa mpaka dirishani. Lakini Mwanaidi ameanza kuulizia duka moja Dar, na walimu wa Mzumbe wananunua kidogo kidogo. Yeye ndiye aliyenikataza kukulazimisha. Ana vikapu ishirini na viwili visivyo na mnunuzi, na neno lake la mwisho kabla hajapanda gari lilikuwa kwamba nihakikishe nakuuliza kwa namna ambayo unaweza kukataa.

Mjomba Nassoro anakusalimu sana. Macho yamepungua nguvu lakini sauti ni ile ile. Abasi anakusalimu, anasema bao la huku limekosa mtu wa kufungwa tangu uondoke. Mwanaidi anakusalimu, na mwanawe Stefano, ambaye baada ya kubatizwa pale misheni ya Matombo anataka tumwite kwa jina hilo tu, anamsalimu mjomba wake ambaye hamkumbuki vizuri. Brenda hakujui, lakini ameniomba nikufikishie salamu zake. Nilimwambia nitakuuliza kwanza kama unazitaka, akacheka sana. Nisalimie wifi Furaha na umbusu Asha kwa niaba yangu.

Mwanaidi nilimuuliza mara moja tu, nikatoka nje. Wewe nakuuliza mara ya pili, na nimekaa hapa hapa. Unakubali, Yunusi? Ukisema ndiyo, nitashukuru. Ukisema hapana, nitafunga duka bila kinyongo, na nitaitunza hapana yako kwa sababu itakuwa imetoka kwako. Lakini ukinyamaza, safari hii sitawaambia watu kwamba umekubali, wala sitawaambia kwamba umekataa. Mjomba akiniuliza Ijumaa, nitamwambia ukweli, kwamba sijui kama mdogo wangu yuko hai.

Mungu akulinde, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako.

Dada yako akupendaye,

Zuhura